Kutoka Magunzi Hadi Ethanoli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Dodoma

Mvua zikishakata na mashine za kupukuchua mahindi zikianza kunguruma Kongwa, Mpwapwa na Chemba, watu huniuliza maswali yaleyale: wakulima, wenye mashine za kusaga, walimu wa sayansi, vijana waliomaliza chuo na wanatafuta pa kuanzia. Wote wameona lundo la magunzi lililofika kimo cha paa la banda, na wote wamesikia mahali fulani kwamba kuna kuvu anayeweza kuligeuza kuwa mafuta. Ni kweli, yupo. Lakini njia ya kutoka kwenye lundo mpaka kwenye chupa ni ndefu, na baadhi ya hatua zake husimuliwa nusunusu. Nimeyakusanya hapa majibu ninayotoa kila mara. Mimi nimezaliwa na kukulia Kongwa, na jambo hili nalifanyia kazi kwa mikono yangu.

Kwa maneno machache, ni kitu gani hasa kinafanyika?

Ukuta wa mmea umejengwa kwa sukari. Gunzi, bua, jani kavu: sehemu kubwa ya uzito wake ni minyororo mirefu ya sukari iliyosukwa pamoja mpaka ikawa ngumu kama kamba. Mnyororo mkuu unaitwa selulosi. Kuvu wengine wana vimeng'enya, yaani protini za kuukata mnyororo huo vipandevipande mpaka sukari ibaki moja moja. Sukari hiyo ukiipa hamira, inachachuka na kuwa ethanoli, yaani kilevi kilekile kilichomo kwenye pombe. Ukiichemsha na kukusanya mvuke wake, unapata kimiminika kinachowaka.

Kwa nini tuhangaike na kuvu? Hamira haitoshi?

Hamira haina meno ya kutafuna selulosi. Ukimwaga hamira kwenye unga wa magunzi na maji ya vuguvugu, siku ya tatu utakuta unga ule ule, umelowa tu na kuanza kunuka.

Mama yeyote aliyewahi kupika pombe ya mtama Ugogoni anaielewa hoja hii kuliko anavyodhani. Mtama mkavu haulevyi. Lazima kwanza uote: unaloweka, unafunika, unangoja vichipukizi, unaanika, unasaga. Hicho ndicho kimea. Unga wa kimea ukikutana na uji, uji uliokuwa mzito unalegea na kuwa mtamu, hata kabla haujachachuka. Kilichotokea ni kwamba mbegu ilipoota ilitengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga wake ili mche upate chakula, nasi tukaviazima. Kwa hiyo ufundi wa vimeng'enya haukuja Dodoma na wageni. Umo jikoni tangu zamani.

Tofauti ni kwamba kimea kinavunja wanga tu. Selulosi nayo imetengenezwa kwa sukari ya glukosi kama wanga, ila viungo vyake vimefungwa kwa namna nyingine, na minyororo yake imelala sambamba, imebanana, haipitishi hata maji kwa urahisi. Kimea hakiigusi. Hapo ndipo anapohitajika fundi mwingine.

Kimeng'enya kinafanya nini ndani ya gunzi?

Hakuna kimeng'enya kimoja. Ni kikosi, na kila mmoja ana zamu yake. Wa kwanza hukata mnyororo katikati, popote anapopata nafasi. Wa pili hushika ncha zilizoachwa wazi na kutembea nazo, akimega sukari mbilimbili. Wa tatu huchukua zile pacha na kuzitenganisha ziwe glukosi moja moja. Watatu hawa wanategemeana kabisa. Zile pacha zikirundikana, wa pili hukwama na kazi yote inasimama. Kuvu anayetumika zaidi ni hodari kwa wawili wa mwanzo lakini mchoyo wa wa tatu, ndiyo maana wataalamu mara nyingi humwongezea wa tatu kutoka kwa kuvu mwingine, Aspergillus niger. Tangu mwaka 2010 tunajua pia kuna wa nne, anayetumia oksijeni kuchana uso wa selulosi pale ulipobana sana, ili wenzake wapate pa kuingilia.

Ukitaka kuiona kazi hii bila darubini, nenda kwenye kichuguu. Mchwa wanaojenga vile vichuguu vikubwa hawawezi peke yao kumaliza ugumu wa bua wanalolibeba. Wanalitafuna, wanalipeleka ndani, wanalipanga kama sega, na juu yake wanafuga kuvu anayeitwa Termitomyces. Kuvu ndiye anayelainisha, kisha mchwa wanakula. Ule uyoga mnono unaochomoza kichuguuni baada ya mvua za kwanza, ambao watoto hukimbilia kuuchuma, ni tunda la kuvu huyo. Mchwa walikuwa na kiwanda kabla yetu, kina hewa safi na unyevu wa kudumu, katikati ya ukame wetu.

Kuvu mwenyewe ni yupi, na alipatikanaje?

Anaitwa Trichoderma reesei. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani lilikuwa visiwa vya Solomon, huko Pasifiki, na mahema yao ya turubai la pamba yalikuwa yakioza haraka ajabu. Pamba ni selulosi karibu tupu. Kuvu aliyekuwa akiyala alichukuliwa, akahifadhiwa, na baadaye akachunguzwa kwenye maabara ya jeshi hilo huko Natick na wanasayansi wakiwemo Elwyn Reese na Mary Mandels. Mwanzoni walitafuta namna ya kumzuia. Kadiri walivyomjua ndivyo walivyoona kwamba kitu anachokitema ndicho chenye thamani. Mwaka 1977 akapewa jina linalomkumbuka Reese.

Takriban kila aina ya kuvu huyu inayotumika viwandani leo ni mzao wa yule mmoja wa kwenye hema. Wazao hao walibadilishwa kizazi baada ya kizazi mpaka wakawa wanatema vimeng'enya vingi mara nyingi zaidi ya mzee wao. Vimeng'enya hivyo hutumika pia kulainisha nguo za jinzi na kwenye sabuni za kufulia. Huenda umeshavigusa.

Huyu si ndiye anayeleta sumukuvu?

Hapana, na naomba nijibu swali hili kwa uzito wake. Mwaka 2016 hapa Dodoma na jirani zetu Manyara watu wapatao 20 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mtu anayeogopa neno kuvu mkoani hapa ana sababu.

Anayetengeneza sumu ile ni hasa Aspergillus flavus, ukungu wa kijani unaoelekea njano, anayependa mahindi na karanga zilizopigwa na ukame shambani au kuhifadhiwa na unyevu. Trichoderma ni ukoo mwingine. Hata hivyo usijipe amani ya bure: ukiacha pumba zenye unyevu zikiota ovyo, huwezi kujua ni nani aliyeota. Rangi peke yake haitoshi, maana Trichoderma naye ana kijani chake. Anayefuga kuvu aanze na mbegu safi inayojulikana, avae barakoa, na mabaki yasiende kwa kuku wala ng'ombe mpaka yapimwe.

Linalofuatana na hilo: je, mahindi yaliyoharibika kwa sumukuvu yanaweza kuwa ethanoli? Ndiyo. Sumu haipandi na mvuke, inabaki chini kwenye machicha. Lakini inabaki ikiwa imekolea zaidi, kwa sababu wanga umeondoka na uzito umepungua. Machicha hayo hayafai kabisa kuwa chakula cha mifugo.

Mabua yamejaa shambani baada ya mavuno. Si tuchukue hayo?

Hapa ndipo ninapobishana na wengi, pamoja na marafiki.

Dodoma inapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu. Pita Chamwino au Bahi mwezi wa nane uangalie nini kimebaki ardhini cha kuliwa. Mabua ya mtama na uwele ndiyo malisho. Ng'ombe huingizwa shambani, wanakula majani kwanza, kisha ncha, kisha bua lenyewe mpaka kwenye kisiki, na wakiondoka wanaacha samadi. Kinachobaki kinafunika udongo ili mvua ya kwanza ya Desemba isiuchukue wote. Bua moja limeshafanya kazi tatu kabla mtaalamu hajafika na kuliita taka.

Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo mradi ulipangwa juu ya karatasi kwa hesabu ya mabua yote ya wilaya, kana kwamba hayana mwenyewe. Mzee mmoja aliuliza swali moja tu: "Na ng'ombe?" Hapakuwa na aliyejibu. Tangu siku hiyo, swali langu la kwanza kwa yeyote anayeniletea wazo ni hilo hilo, kabla ya kuuliza kuhusu kuvu au mtambo. Nani anakula kitu hiki sasa hivi?

Magunzi ni habari nyingine. Ng'ombe hawayapendi, hayarudishwi shambani, na muhimu kuliko yote, yameshakusanyika. Mashine ya kupukuchua inayafikisha yote mahali pamoja na gharama ya kuyabeba imeshalipwa na mahindi. Sehemu kubwa huishia kuchomwa, mengine jikoni, mengine kwa moto wa kusafisha uwanja tu.

Vipi maganda ya karanga, ya alizeti, na masalia ya zabibu?

Karanga, hapana. Ganda la karanga lina lignini nyingi, ambayo ni ile gundi ngumu inayoshikilia ukuta wa mmea, na vimeng'enya vya Trichoderma haviivunji. Tengeneza mkaa mbadala. Maganda ya alizeti yana tatizo linalofanana, na tayari yanachomwa kwenye majiko ya mitambo ya kukamulia. Mashudu usiyaguse, ni chakula cha mifugo na yana bei yake.

Zabibu ni jambo la Dodoma hasa, na nalipenda. Wilaya zetu zinavuna mara mbili kwa mwaka, na kwenye usindikaji wa mvinyo hubaki maganda, mbegu na vikonyo, takriban moja ya tano ya uzito wa zabibu zilizoingia. Kwenye mvinyo mweupe, zabibu hukamuliwa kabla ya kuchachuka, kwa hiyo maganda yanatoka na sukari yake. Hayo hayahitaji kimeng'enya cha selulosi hata kidogo mwanzoni: yaloweke, yachachushe siku ileile. Ukichelewa siku mbili na joto letu, unapata siki.

Naweza kusaga magunzi, nikatia kimeng'enya, nikangoja?

Ukifanya hivyo utapata sukari kidogo sana, hata ungoje wiki. Selulosi imezungukwa na hemiselulosi (minyororo ya sukari ya aina nyingine), na zote mbili zimebandikwa lignini. Kimeng'enya kinafika mlangoni kinakuta pamefungwa. Lazima mlango ufunguliwe kwanza, na hii ndiyo hatua inayokula fedha nyingi.

Viwanda hutumia mvuke wa nyuzi 160 hadi 220 kwenye chombo kilichofungwa, kisha hufungulia ghafla na nyuzinyuzi za mmea zinapasuka kama bisi. Wengine hutumia asidi kali iliyozimuliwa. Kwa kazi ndogo ya majaribio mimi hutumia kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni: asilimia 2 kwenye maji, unga wa magunzi ndani, moto wa saa moja. Maji yanageuka kahawia nzito kama chai iliyosahaulika jikoni. Hiyo ni lignini ikitoka. Kisha unasuuza, unasuuza tena, mpaka utelezi uishe vidoleni mwa glavu. Glavu na miwani si pambo; kostiki ya moto inapofusha. Na maji yale ya kahawia hayamwagwi korongoni.

Kuna njia ya polepole isiyo na kemikali: kuotesha uyoga mamama juu ya magunzi. Huyu ni kuvu wa ukoo unaoozesha mbao mpaka ziwe nyeupe, na anaila lignini yenyewe. Unavuna uyoga kwanza, unauza, halafu kilichobaki kimelegea. Anakula na sehemu ya sukari yako, ni kweli. Lakini kwa kikundi cha akina mama chenye banda na maji ya kutosha, uyoga unaweza kulipa kuliko ethanoli.

Kimeng'enya nakipata wapi? Naweza kumfuga kuvu mwenyewe?

Vinauzwa na makampuni ya nje, na bei ndiyo inayoumiza. Wanga unahitaji kimeng'enya kidogo sana. Selulosi inahitaji makumi ya mara zaidi: kwa kilo moja ya selulosi, kipimo cha kawaida ni kama gramu 20 za protini ya kimeng'enya. Gramu 20 zinaonekana chache mpaka upige hesabu ya tani.

Kumfuga inawezekana. Anaota vizuri juu ya pumba za ngano au za mahindi zilizochanganywa na unga wa magunzi, zilizolowana bila kudondosha maji, zikachemshwa kwa mvuke kuua wadudu wote, zikapoa, ndipo mbegu ya kuvu ikanyunyizwa. Joto la nyuzi 28 hadi 30, siku tano hadi saba. Unaona kwanza utando mweupe kama pamba iliyochambuliwa, kisha kijani kinaanza pembeni. Ukiloweka pumba hizo kwenye maji yenye uchachu kidogo na kuchuja kwa kitambaa safi, maji yanayotoka ndiyo yenye vimeng'enya. Ni dhaifu kuliko vya dukani, lakini ni vyako, na pumba tunazo.

Naamini hapa ndipo fursa yetu kubwa ilipo, kuliko kwenye ethanoli yenyewe. Mkoa unaoweza kutengeneza vimeng'enya vyake una matumizi mengi navyo.

Kilo 100 za magunzi zinatoa lita ngapi?

Tupige hesabu pamoja kwa kilo 100 za magunzi makavu. Selulosi ni kama kilo 38. Ikivunjwa yote ingetoa kilo 42 za glukosi, maana kila kiungo kinapokatika maji kidogo huingia na kuongeza uzito. Kazi nzuri ya vimeng'enya inafikia asilimia 70 hivi: kilo 29. Hamira hugeuza takriban nusu ya uzito wa glukosi kuwa ethanoli, nusu nyingine inaondoka kama hewa ya ukaa. Baada ya upotevu wa kawaida, una kilo 13 na ushei, sawa na lita 17.

Lita 17 kwa kilo 100. Anayekuahidi 50, mwambie akuonyeshe sukari ilikotoka.

Inaweza kupanda ukitumia na hemiselulosi, ambayo kwenye magunzi ni nyingi, karibu theluthi moja. Tatizo ni kwamba sukari yake kuu, zailosi, hailiwi na hamira ya kawaida. Wapo hamira wa porini wanaoila na wapo waliobadilishwa maabara, ila hawapatikani dukani Majengo.

Si afadhali niyachome tu hayo magunzi?

Swali la haki, na jibu linawakera wengine. Kilo 100 za magunzi zikichomwa zinatoa nishati ya megajuli 1,600 hivi. Lita 17 za ethanoli zina kama 360. Umepoteza zaidi ya robo tatu kabla hujahesabu kuni za kuchemshia.

Kuchemsha nako ni mzigo. Uji uliochachuka una ethanoli asilimia 3 tu, zaidi ya nusu tani ya maji kwa zile lita 17. Kuupasha moto kutoka joto la kawaida hadi karibu na kuchemka kunakula megajuli 170, bado hujatoa mvuke wowote. Viwanda vinavumilia hili kwa kurudisha joto lile lile kila hatua, na kwa kuchoma lignini iliyobaki badala ya kuni za kununua. Jua letu la kiangazi linaikausha lignini hiyo bure kwa siku mbili tatu; ni moja ya faida chache tunazowazidi watu wa nchi za baridi. Anayetumia pipa na bomba moja, akachochea kwa mkaa wa Chenene, anateketeza msitu ili apate chupa.

Basi kwa nini mtu ajisumbue? Kwa sababu gunzi halimwagiki kwenye jiko la ndani wala kwenye injini. Unalipia nishati ili upate kimiminika safi kisicho na moshi. Wakati mwingine inafaa. Kama shida yako ni joto la kukaushia au kuchemshia tu, choma magunzi kwenye jiko zuri.

Na maji? Dodoma hii?

Kwa kila tani ya magunzi unahitaji tani tano hadi sita za maji kwenye hatua ya vimeng'enya pekee, kabla ya kusuuza. Maji yanayobaki baada ya kukeneka (kuchemsha na kukusanya mvuke) yanaweza kurudishwa mzunguko unaofuata, mara kadhaa, kabla chumvi hazijawa nyingi. Kisima chenye maji ya chumvi, kama vingi vya kwetu, kinafupisha mizunguko hiyo. Mradi usiojibu swali la maji kwanza, usianze.

Naweza kuitia kwenye bodaboda?

Ukikeneka kwa uangalifu sana utafika ethanoli ya asilimia 95 au 96 kwa uzito, na hapo maji yaliyobaki hayatoki tena kwa kuchemsha, hata ukeneke mara kumi. Yanatolewa kwa chembechembe maalumu zinazoyanyonya. Ethanoli yenye maji ukiichanganya na petroli, mchanganyiko unaweza kugawanyika, maji na ethanoli yakazama chini ya tangi na kuingia injini peke yake. Kijana aliyenunua pikipiki kwa mkopo wa kurejesha kila siku asijaribu.

Ethanoli kavu, isiyo na maji, asilimia 10 ndani ya petroli, injini nyingi za kisasa zinaivumilia. Brazili wanachanganya zaidi ya robo, na wamezoea kwa miongo. Lita moja ya ethanoli ina nishati kama theluthi mbili ya lita ya petroli, kwa hiyo utajaza mara nyingi zaidi. Kwenye dizeli haifai kumwagwa.

Kwenye jiko?

Hapo ndipo ningeipeleka. Jiko halidai ethanoli kavu kabisa. Yenye maji asilimia 5 au 10 inawaka vizuri. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na ethanoli ni mojawapo ya njia hizo. Lita 17 za kilo 100 zinamtosha mama mwenye familia ndogo siku nyingi, wala sufuria haitoki na masizi.

Onyo moja la kuandikwa kwenye kila chupa: mwali wake ni wa bluu hafifu, mchana hauonekani. Usijaze jiko ambalo hujalihakikisha kuwa limezima na kupoa. Watu wameungua kwa kudhani limezimika.

Si ndiyo gongo hiyo? Inanyweka?

Isinywewe. Kilichotoka kwenye magunzi yaliyopikwa na kostiki au asidi kina mabaki ambayo hakuna aliyeyapima kwa ajili ya tumbo la mtu. Ethanoli ya kuchoma hutiwa kitu kichungu makusudi ili isinywewe.

Kukeneka bila leseni ni kosa kisheria, hata ukimwambia askari kwamba ni ya jiko. Anza na SIDO (shirika la viwanda vidogo) kwa ushauri, TRA (mamlaka ya mapato) na TBS (shirika la viwango) kwa vibali na viwango, ndipo ununue bomba. Na usikeneke ndani ya nyumba. Mvuke wa ethanoli unatambaa chini na unalipuka.

Nimesikia viwanda vikubwa vya namna hii vilifungwa Ulaya na Marekani. Ni kweli?

Kweli. Cha Crescentino, Italia, kilichofunguliwa 2013, kilisimama 2017 kabla ya kupata mmiliki mwingine. Cha DuPont kule Iowa kilifunguliwa 2015 na hakikumaliza miaka mitatu. Cha Clariant nchini Romania kilizimwa 2023. Sayansi ya vimeng'enya haikuwaangusha. Kilichowaangusha ni marobota ya mabua yenye mchanga yaliyoziba mashine, mvua iliyoozesha malighafi ghalani, gharama za kubeba, na petroli iliyoshuka bei. Kule Brazili, kampuni ya Raízen wameendelea, na siri yao moja ni kwamba masalia ya miwa tayari yapo kiwandani, mlangoni pa sukari.

Soma tena jibu la magunzi na mashine ya kupukuchua.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Naweza kuwaonyesha wanafunzi bila maabara kubwa?

Unaweza, na chombo muhimu ni chupa ya chai.

Vimeng'enya hivi hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 50, maji yakiwa na uchachu wa kama 5 kwenye karatasi ya kipimo. Mwanzoni nilitumia beseni la umeme. Usiku mmoja umeme ukakatika, beseni likapoa, bakteria wakaingia, na asubuhi chumba kizima kilinuka maziwa yaliyoganda. Sukari yote ilikuwa imeliwa. Tangu hapo natumia chupa ya chai: inatunza joto usiku mzima, haihitaji umeme, na kila nyumba inayo.

Chukua unga wa magunzi uliokwisha kupikwa na kostiki na kusuuzwa. Hatua hiyo ifanye mwenyewe, wanafunzi wasiwepo. Weka kiasi sawa kwenye chupa mbili za chai pamoja na maji ya nyuzi 50, rekebisha uchachu kwa asidi ya sitriki. Kwenye moja tia vimeng'enya. Kwenye nyingine tia vimeng'enya vilevile vilivyochemshwa kwanza dakika kumi, maana vikichemka vinakufa. Funga, tikisa kila baada ya saa chache, rudisha joto hadi nyuzi 50 likishuka, ngoja siku mbili.

Siku ya tatu mimina zote mbili kwenye glasi mbele ya darasa. Ile ya vimeng'enya vilivyokufa itatoka kama ilivyoingia, uji mzito unaosita mdomoni mwa chupa. Nyingine itamiminika kama maji. Chuja kila moja, chukua matone kadhaa, weka kwenye kemikali ya Benedict na upashe moto. Bomba la kwanza litabaki bluu. La pili litageuka kijani, kisha njano, kisha litaanza kutua chini jekundu la rangi ya tofali, na mtoto wa mkulima aliyekaa dawati la nyuma atasimama ili aone vizuri sukari iliyotoka kwenye gunzi la kwao.